Uliza Mwalimu: Daftari Linalouzwa kwa Bei Hasi

Mwezi uliopita niliwaomba mniandikie kuhusu hesabu zinazowakosesha usingizi nyumbani. Nilidhani hesabu za sehemu, zile za nusu na robo, ndizo zitakazoongoza, kwa kuwa ndizo zilizonichosha miaka 31 niliyosimama mbele ya ubao katika shule za Eastlands, Nairobi. Nilikosea. Mmeniuliza zaidi kuhusu ile milinganyo miwili ya jebra inayokuja pamoja, yenye x na y ndani ya kila mmoja, ambayo huwezi kuutatua mmoja bila mwenzake. Nimechagua barua nne. Nyingine zinafanana na hizi, kwa hiyo usipoiona yako, tafuta ya jirani yako.

Mwalimu, shikamoo. Mimi nauza matunda na mboga Kawangware, na shule niliishia darasa la saba. Binti yangu yuko Kidato cha Tatu. Juzi amekuja na karatasi ya hesabu, alama 9 kwa 30. Swali lililomliza ni hili: kalamu tatu na madaftari mawili ni shilingi 190. Kalamu mbili na madaftari matano ni shilingi 310. Tafuta bei ya kalamu moja na ya daftari moja. Yeye alitoa mstari wa pili kutoka wa kwanza, akaenda hivyo hivyo mpaka akapata daftari ni hasi 15 na kitu. Mwalimu wake amechora mstari mwekundu kutoka juu hadi chini bila kuandika neno. Nami nitamsaidiaje, na hiyo x yenyewe siijui?
— Mama wa Kidato cha Tatu, Kawangware

Marahaba, mama. Asante kwa kunakili kazi yote ya binti kwa mkono, hata pale alipofuta. Bila hivyo nisingeona jambo ambalo kalamu nyekundu haikuliona: njia ya binti yako ilikuwa sahihi.

Aliandika hivi, k ikiwa bei ya kalamu na d bei ya daftari:

3k + 2d = 190
2k + 5d = 310

Kisha akatoa wa chini kutoka wa juu. Kalamu tatu kutoa mbili inabaki moja. Madaftari mawili kutoa matano ni hasi matatu. Mia na tisini kutoa mia tatu na kumi ni hasi 120. Alitakiwa aandike:

k − 3d = −120

Akaandika 120 bila alama ya hasi. Basi, kosa lake lote ni hilo. Kuanzia hapo kila kitu alichofanya kilikuwa halali, ila alikuwa amepanda gari lisilo lake. Akapata daftari ambalo ukilichukua, mwenye duka anakulipa shilingi 15. Duka hilo likifunguliwa Kawangware, mimi na wewe tutapanga foleni alfajiri.

Sasa tazama angefika wapi kama asingeiangusha ile hasi. Mstari wake unasema kwamba bei ya kalamu ni sawa na madaftari matatu ukitoa shilingi 120, yaani k = 3d − 120. Aiweke hiyo mahali pa k katika mstari wa kwanza:

3(3d − 120) + 2d = 190
9d − 360 + 2d = 190
11d = 550
d = 50

Kalamu ni 3 × 50 kutoa 120, yaani 30. Sikutegemea kuiona njia hii kwa mtoto aliyepata 9 kwa 30. Wengi wakitoa mistari na herufi zote mbili zikabaki, hudhani wamekosea na kufuta kila kitu. Yeye aliendelea. Mwambie mimi nimesema hivyo.

Njia inayofundishwa zaidi ni ya kuondoa herufi moja, na hiyo nitaieleza kwa namna nilivyoiona mara ya kwanza. Sikuiona darasani. Niliiona juu ya mkeka.

Nilizaliwa Majengo, Pumwani. Mama yangu alikaanga mahamri na viazi karai mlangoni petu. Alisoma chuoni, namaanisha chuo cha Kurani, akazijua tarakimu lakini barua za ofisini tulimsomea sisi. Mwenye duka aliyemuuzia vitu alikuwa na tabia moja: aliandika jumla tu kwenye kipande cha karatasi ya kaki. Bei ya kila kitu ulitakiwa umuulize, na ukiuliza anakasirika. Wiki moja mama alichukua kilo 2 za sukari na pakiti 3 za unga wa ngano. Wiki iliyofuata kulikuwa na harusi mtaani, akachukua kilo 2 za sukari na pakiti 5 za unga. Nitatumia bei za leo ili msinicheke: ya kwanza ilikuwa 810, ya pili 1,150.

Akaziweka karatasi mbili sambamba kwenye mkeka. Akafunika sukari kwa vidole gumba, kimoja huku na kimoja kule. Akaniambia, "Sukari ni ile ile. Hizi pesa zilizozidi zimetoka wapi?" Zilikuwa zimezidi 340, na kilichozidi ni pakiti mbili za unga. Pakiti ni 170. Kisha akaondoa kidole kwenye karatasi ya kwanza: pakiti tatu ni 510, kwa 810 inabaki 300, kilo mbili za sukari, 150 kila moja. Nilikuwa na miaka kama minane. Nilipofika sekondari, mwalimu alipoandika ubaoni kwamba tutaiondoa herufi moja, nilikiona kidole gumba cha mama.

Kwa hesabu ya binti yako vidole havifuniki vizuri, kwa sababu juu kuna kalamu tatu na chini mbili. Hazilingani. Kwa hiyo tunazilazimisha zilingane. Kama kalamu tatu na madaftari mawili ni 190, mtu akinunua kifurushi hicho mara mbili atalipa mara mbili, 380. Kile cha pili akikinunua mara tatu atalipa 930. Bei haijabadilika, kilichoongezeka ni idadi tu:

6k + 4d = 380
6k + 15d = 930

Sasa funika kalamu. Madaftari yaliyozidi ni 11, pesa zilizozidi ni 550. Daftari ni 50. Mwambie pia amtoe mdogo kutoka kwa mkubwa, hata kama mkubwa yuko mstari wa chini. Hakuna sheria inayosema lazima wa juu atangulie, na angefanya hivyo siku ile, ile 120 isingekuwa na hasi ya kuangusha.

Halafu ajipime. Ajipime kwenye mstari ambao hakuutumia mwishoni. Kama kalamu ameipata kutoka mstari wa kwanza, aende wa pili: 2 × 30 ni 60, 5 × 50 ni 250, jumla 310. Akijipima kwenye mstari ule ule alioutumia atajidanganya, maana huo utakubali hata jibu baya.

Umeuliza wewe utamsaidiaje. Mama, huhitaji x. Mwulize swali moja tu: "Hiyo k ni nini?" Akikujibu "kalamu", mrudishe. K ni bei ya kalamu moja, namba ya shilingi. Mtoto anayedhani k ni kalamu atakwama siku atakapoona k + d, kwa kuwa kalamu na daftari havijumlishiki, lakini bei zake zinajumlishika. Nimelisahihisha kosa hilo mara nyingi kuliko jingine lolote katika mada hii.

Na jioni, kabla hujafunga kibanda, mfiche bei. Mwambie mteja mmoja amechukua maembe 4 na parachichi 3 kwa shilingi 170, mwingine maembe 4 na parachichi 5 kwa shilingi 230. Akiweza, kesho badilisha ili maembe yasilingane. Wewe bei unazijua, kwa hiyo utajua papo hapo kama amepata au amebahatisha.

Heshima yako, ticha. Mimi ni makanga wa gari la abiria 33, laini ya Kayole. Niliacha shule Kidato cha Pili. Sasa nimejiandikisha KCSE, ule mtihani wa mwisho wa sekondari, kama mtahiniwa wa kibinafsi, nasoma usiku tukishaegesha. Hizi hesabu nazifanya kichwani kila siku lakini kwa karatasi zinanimaliza. Mfano: gari limejaa, mtu mzima 80, mwanafunzi namchukua kwa 40. Nikihesabu pesa nikapata 2,240 najua wanafunzi walikuwa 10. Usiniulize nimejuaje. Halafu kitabu kina njia nne: kuondoa, kuweka badala, grafu na matriki. Ya haraka ni ipi? Na kwa nini nisitumie kalkuleta tu?
— Makanga, Kayole

Mwanangu, nitakuuliza, na nitakujibia. Gari likijaa watu wazima watupu ungekuwa na 33 × 80, yaani 2,640. Hiyo namba unaijua kwa moyo kwa sababu ndiyo unayoomba kila safari. Umepata 2,240. Pungufu ni 400. Kila mwanafunzi anapokaa kiti cha mtu mzima unapoteza 40. Mia nne ni arubaini mara kumi. Basi wanafunzi kumi, watu wazima 23.

Sasa nitaandika jambo hilo hilo kwa karatasi, nawe uangalie kama utazitambua namba zako. Tuseme watu wazima ni m, wanafunzi ni w.

m + w = 33
80m + 40w = 2,240

Kutoka mstari wa kwanza, m = 33 − w. Iweke kwenye wa pili:

80(33 − w) + 40w = 2,240
2,640 − 80w + 40w = 2,240
2,640 − 40w = 2,240
40w = 400
w = 10

Umeiona ile 2,640? Ndiyo gari lako la watu wazima watupu. Umeiona −40w? Ndiyo arubaini unayopoteza kwa kila mwanafunzi. Kichwa chako kimekuwa kikiweka badala miaka yote hii. Kilichokosekana ni kuiandika, na mtihani haulipi kwa kichwa. (Angalia pia bosi wako asiisome safu hii. Ukimpelekea 2,000 siku ya Jumapili na gari lilijaa, atapiga hesabu apate wanafunzi 16, kisha atakuuliza wametoka shule gani.)

Kuhusu njia. Ukiona herufi imesimama peke yake bila namba mbele yake, kama m hapo juu, weka badala. Kama herufi zote zina namba mbele, ondoa, usihangaike, kwa maana ukiweka badala utaingia kwenye sehemu na sehemu zinapenda kula alama za watu waliochoka. Grafu ichore swali likikuambia uchore. Jibu la grafu unalisoma kwa macho, na penseli butu inaweza kukuhamisha kutoka 2.4 hadi 2.6. Matriki, yaani zile namba zinazopangwa kwa safu ndani ya mabano, vile vile: itumie swali likisema utumie matriki. Na likisema hivyo, usijaribu njia nyingine ukidhani jibu litakuokoa, kwa sababu kinachopimwa hapo ni matriki yenyewe.

Kalkuleta inaruhusiwa KCSE, ila iwe ile isiyoweza kuwekewa programu, na isiyopiga kelele. Lakini alama zinagawanywa: kuna za njia na kuna za jibu. Ukiandika w = 10 peke yake umeacha nyingi mezani. Karatasi ya kwanza ni saa mbili na nusu, dakika 150 kwa alama 100. Ni dakika moja na nusu kwa alama. Swali la milinganyo hii likiwa na alama tatu katika sehemu ile ya maswali 16 ya lazima, una dakika nne na nusu. Kwako hizo ni nyingi. Wewe unatafuta chenji ya elfu moja huku umening'inia mlangoni na dereva anakuimbia.

Jizoeze kitu kimoja tu mwezi huu: kabla hujaandika mlinganyo wowote, andika kwa maneno m ni nini na w ni nini. Mstari mmoja. Utaona kwamba katika maswali kama hili lako mlinganyo mmoja ni wa idadi na wa pili ni wa pesa, na mtu akichanganya idadi na pesa katika mstari mmoja hawezi kutoka.

Bi Mwalimu, mimi ni katibu wa kamati ya harusi ya mdogo wangu. Anayekodisha viti na meza alituambia viti 100 na meza 10 ni shilingi 4,000. Wageni wakaongezeka, akasema viti 200 na meza 20 ni shilingi 7,500. Bei ya kiti kimoja hataki kuitaja. Nikasema huyu nitamkamata kwa hesabu za sekondari. Nimezidisha mstari wa kwanza kwa mbili, nimetoa, nimepata 0 = 500. Nimerudia mara tatu, mbele ya kamati nzima. Nimekosea wapi?
— Katibu, South B

Hujakosea popote, na pole kwa aibu ya mbele ya kamati. Hii ndiyo barua niliyoipenda kuliko zote.

Ukiongeza mstari wa kwanza mara mbili unapata viti 200, meza 20, shilingi 8,000. Yeye anasema 7,500. Vitu ni vile vile, pesa ni tofauti. Jebra inapokupa 0 = 500 inakuambia kwa lugha yake: hakuna bei moja ya kiti na bei moja ya meza inayoweza kuzifanya kauli zote mbili ziwe kweli. Ukizichora kwenye grafu zitakuwa mistari miwili inayokwenda sambamba kama njia za Thika Road, kila mmoja na upande wake, hazikutani hata ufike Thika yenyewe.

Kama angesema 8,000 kamili, ungepata 0 = 0. Hapo pia usingejua bei ya kiti, kwa sababu nyingine: angekuwa amekuambia jambo moja mara mbili. Kiti kingeweza kuwa 10 na meza 300, au kiti 20 na meza 200, au kiti 30 na meza 100, zote zinakubali. Shahidi akirudia maneno yale yale kwa sauti kubwa zaidi, mahakama haijapata shahidi wa pili. Kijana wa Kayole, kama bado unasoma: kwa matriki utalijua jambo hili mapema. Zidisha kwa mshazari, 100 × 20 ni 2,000, 10 × 200 ni 2,000, toa, unapata sifuri. Ukiona sifuri hapo, weka kalamu chini, matriki hiyo haigeuziki, yaani haiwezi kukupa jibu moja.

Nirudi kwa katibu. Swali la maana ni hili: zile 500 ni nini? Mama yangu na vidole vyake gumba aliweza kwa sababu sukari haikubadilika bei kati ya wiki mbili. Hesabu hizi zote zimesimama juu ya ahadi hiyo. Kwako ahadi imevunjika, na naona njia mbili za kuvunjika kwake.

Ya kwanza ni punguzo. Umechukua vingi, amekupunguzia 500. Hapo hakuna la kutatua, kuna la kushukuru.

Ya pili ndiyo inayonivutia. Viti haviji South B kwa miguu. Kuna gari la kuvileta, na gari hulipwa mara moja, liwe limebeba viti mia au mia mbili. Tuite gharama ya gari g. Kiti ni v, meza ni z.

100v + 10z + g = 4,000
200v + 20z + g = 7,500

Zidisha wa kwanza kwa mbili uone: 200v + 20z + 2g = 8,000. Toa wa pili. Viti vinakwisha, meza zinakwisha, kinabaki g = 500. Ile 500 iliyokuaibisha inaweza kuwa ni gari! Siwezi kuapa, mimi simjui huyo bwana, lakini mpigie simu umuulize tu kama bei yake ina usafiri ndani. Usimwambie umejuaje.

Akikubali kwamba ni gari, basi viti 100 na meza 10 bila gari ni 3,500. Bado bei ya kiti huijui, maana sasa una visivyojulikana vitatu na kauli mbili. Muombe bei ya tatu, na mara hii usiongeze viti na meza kwa kiwango kimoja. Hilo ndilo lililokufunga mwanzoni: mia na kumi, kisha mia mbili na ishirini. Muulize viti 150 na meza 10. Akisema, tuseme, 4,750, utafunika meza na gari kwa pamoja: viti 50 vilivyozidi ni 750, kiti ni shilingi 15. Meza itakuwa 200. Hapo unaweza kwenda kwa mtu mwingine ukiwa na bei ya kiti mkononi, na kamati itakuheshimu tena.

Ticha, nani alituletea haya mateso?
— Mwanafunzi, Gredi ya 9, Umoja

Umeandika mstari mmoja tu, na sahihi yako ni kubwa kuliko barua. Nitakujibu hata hivyo.

Jina lilitoka Baghdad. Karibu mwaka 820, Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi aliandika kitabu ambacho neno moja la anwani yake ni al-jabr, na ndilo lililozaa jebra. Kwa Kiarabu lilikuwa pia neno la kuunga mfupa uliovunjika. Yeye alilitumia kwa kile unachokifanya ukihamisha kitu kilichotolewa upande mmoja kikajumlishwa upande wa pili. Mzizi wake ndio ule ule wa jabari, neno unalolijua tangu utotoni. Sifuri nayo imetoka kwa Kiarabu. Hesabu imetoka huko pia. Kwa hiyo ukilalamika jebra ni ya kigeni, angalau lalamika kwa lugha isiyotumia maneno hayo.

Lakini hila ya kuondoa herufi moja ni ya zamani zaidi, na ilikuwa China. Wachina wana kitabu cha hesabu chenye sura tisa, cha karibu miaka 2,000 iliyopita, na sura ya nane yote, maswali 18, ni ya milinganyo ya namna hii. Hawakuwa na x wala y. Walipanga vijiti vya mianzi kwenye ubao kwa safu, kila safu kauli moja, kisha wakazidisha na kutoa safu kutoka safu, kama binti wa Kawangware. Liu Hui, aliyekifafanua kitabu hicho mwaka 263, anaeleza kuwa vijiti vyekundu vilikuwa vya namba chanya na vyeusi vya namba hasi. Kinyume kabisa cha kalamu za walimu. Ukifika chuo kikuu watakufundisha njia hiyo kwa jina la Gauss, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1777.

Swali la kwanza la sura hiyo ni la mavuno. Kuna miganda ya aina tatu: bora, ya kati na hafifu, na nafaka inapimwa kwa kipimo kiitwacho dou. Miganda 3 bora, 2 ya kati na 1 hafifu inatoa dou 39. Miganda 2 bora, 3 ya kati na 1 hafifu inatoa 34. Mganda 1 bora, 2 ya kati na 3 hafifu inatoa 26. Kila mganda mmoja unatoa ngapi?

Mistari mitatu, kwa hiyo usiogope, una vidole gumba viwili tu lakini vinatosha. Anza kwa kutoa wa pili kutoka wa kwanza. Ile miganda hafifu itajifuta yenyewe, na utagundua kwamba mganda bora unauzidi wa kati kwa dou 5 kamili. Majibu hayatakuwa namba nzima. Mganda bora unatoa 9 na robo. Miwili iliyobaki nakuachia wewe, na safari hii andika barua ndefu kidogo.